Mgonjwa wa dayalisisi anatetemeka kila akiwekwa kwenye mashine: mpira wa shingoni utolewe au uokolewe?

Sista_Figo ameuliza:

Habari za kazi wadau. Naomba msaada wa wanaohudumia wagonjwa wa dayalisisi wenye mpira wa kudumu (katheta iliyopitishwa chini ya ngozi hadi kwenye mshipa mkubwa).

Mgonjwa ni mwanamke wa kilo 60, mpira uko shingoni kulia, huu ni mwezi wa tano. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Fistula (mshipa ulioungwa na ateri ili uchomwe sindano za dayalisisi) ya mkono wa kushoto ina wiki tatu tu, bado haijakomaa kuchomwa. Wiki mbili zilizopita alianza kutetemeka kama dakika 40 baada ya kuunganishwa, joto likapanda hadi 38.9. mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) hasi, kifua safi, hana kidonda popote. Alipewa seftriaksoni gramu 1 kila siku kwa siku tano, na damu haikuchukuliwa kwa ajili ya kuotesha bakteria maabara. Homa ikakata. Leo ni siku ya nane tangu amalize dawa, ametetemeka tena vilevile. Presha 124/76, anaongea vizuri. Tundu la mpira ni kavu, halina wekundu, na nikibonyeza juu ya njia ya mpira chini ya ngozi haumii.

Damu ya kuotesha niichukue wapi, ikiwa mishipa yake ni ya kulindwa? Nianze dawa gani, kipimo gani? Na je, mpira lazima utoke, au kuna namna ya kuuokoa? Nimesikia kuhusu kufungia mpira, yaani kuujaza hadi dayalisisi ijayo kwa antibayotiki iliyochanganywa na heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), ila tuliyonayo ni heparini ya uniti 5,000 kwa mililita, na sijui inachanganywaje bila kumdhuru mgonjwa.

---

Dkt_Figo amejibu:

Sista, pole na zamu. Chukulia kuwa tatizo ni mpira hadi upate ushahidi wa jambo lingine. Nyumbani yuko salama, akiunganishwa anatetemeka: mashine inavuta na kurudisha damu kwa kasi kupitia mpira, inawakomba bakteria waliojishikiza kwenye kuta zake za ndani na kuwamwaga kwenye mzunguko wa damu. Nusu saa hadi saa nzima baadaye mwili unajibu.

Homa ilikata kwa sababu seftriaksoni iliwaua waliokuwa wanaelea kwenye damu. Imerudi kwa sababu waliobaki wamejifunika utando wa ute ndani ya mpira. Ndani ya utando huo bakteria hustahimili dawa mara mia hadi mara elfu kuliko wakiwa huru, na mpira ukiwa umefungwa kati ya dayalisisi na dayalisisi, dawa iliyoko kwenye damu haipiti humo kabisa. Kwa hiyo kila kesi ya namna hii ina maamuzi mawili, la dawa ya mshipani na la mpira wenyewe. Ukifanya la kwanza ukaacha la pili, utamwona tena baada ya wiki moja au mbili. Tena seftriaksoni haikuwa chaguo zuri hapa. Wengi wa wanaokaa kwenye mipira ni bakteria wa ngozi, na stafilokokasi sugu kwa methisilini haziguswi na seftriaksoni.

Leo, kabla ya dozi yoyote, chukua damu sehemu mbili. Kwenye mpira: vaa barakoa, mvalishe na mgonjwa, sugua mdomo wa mpira kwa klorheksidini yenye spiriti kwa sekunde 15 na uache ukauke wenyewe. Vuta heparini iliyolala humo uimwage, kisha chukua damu kwa bomba jipya. Kwenye mkono: tumia mishipa ya mgongo wa kiganja cha mkono wa kulia, safisha ngozi kwa klorheksidini asilimia 2 yenye spiriti, subiri ikauke angalau sekunde 30, na usishike tena pale utakapochoma. Mkono wa kushoto usiguswe kabisa. Mishipa ya kiwiko na ya kigasha cha kulia nayo iache, huenda siku moja ikahitajika kwa fistula nyingine. Ukikosa kabisa mshipa wa kiganja, chukua sampuli ya pili kwenye bomba la damu la mashine dayalisisi ikiendelea. Si sawa na ya mkononi, lakini inafaa kuliko kukaa bila sampuli ya pili.

Baada ya hapo anza dawa papo hapo, usingoje majibu. Vankomaisini dozi ya kwanza ni miligramu 20 kwa kilo, kwake miligramu 1,200. Isipite kasi ya gramu 1 kwa saa, kwa hiyo anza dakika 75 hadi 90 kabla ya mashine kuisha. Ikikimbizwa, ngozi ya uso na shingo huwaka nyekundu, huwasha, na presha inaweza kushuka. Hapo punguza kasi, usiandike mara moja kwenye faili kwamba ana mzio. Kama chujio la mashine yenu ni la matundu makubwa, sehemu ya dawa itatoka na maji, hivyo panda hadi miligramu 25 kwa kilo, yaani 1,500. Kila dayalisisi inayofuata mpe miligramu 500 katika nusu saa ya mwisho. Maabara yenu ikiweza kupima kiwango cha vankomaisini, pima kabla ya dayalisisi: iwe kati ya miligramu 15 na 20 kwa lita. Kwa chujio la matundu makubwa, ile 500 mara nyingi haitoshi, na bila kupima hutajua.

Ongeza kinga dhidi ya bakteria wa gramu hasi (ambao vankomaisini haiwaui) hadi majibu yatoke: seftazidimu gramu 1 baada ya kila dayalisisi, au jentamaisini miligramu 1 kwa kilo (kwake 60, isizidi 100 kwa yeyote) baada ya dayalisisi. Mimi huchagua seftazidimu ikiwepo. Jentamaisini huharibu masikio na mizani ya mwili, na mgonjwa ambaye bado anakojoa kidogo inaweza kumpokonya hata hicho kidogo. Usipitishe vankomaisini na seftazidimu pamoja kwenye mrija mmoja, hugandamana na kuacha mashapo.

Uamuzi wa mpira unaweza kusubiri majibu kwa sababu presha yake imesimama na njia ya mpira haina uchungu. Presha ikianguka, akichanganyikiwa, au ukiona usaha au wekundu unaopanda zaidi ya sentimita 2 kutoka kwenye tundu kufuata njia ya mpira, mjadala umeisha. Mpira unatoka siku hiyohiyo, hata kama atabaki bila njia ya dayalisisi kwa siku moja au mbili.

---

Maabara_Vimelea amejibu:

Naongeza upande wetu, maana sampuli nyingi zinatufikia zikiwa hazina tena cha kutueleza.

Kwa mtu mzima kila chupa inataka mililita 8 hadi 10. Damu ikiwa mililita 3 bakteria wanaweza wasionekane kabisa, maana kwenye damu ya mtu mzima huwa wachache sana. Ukipata damu kidogo, jaza kwanza chupa ya hewa (ya bakteria wanaohitaji hewa). Ukiondoa kifuniko cha plastiki, mpira wa juu ya chupa si safi, upanguse kwa spiriti na uache ukauke. Jaza kiasi kilekile kwa mpira na kwa mkono, kwa sababu tutalinganisha muda, na chupa iliyojaa zaidi huwaka mapema (yaani mashine huonyesha mapema kuwa bakteria wameota) hata kama bakteria ni walewale.

Andika kwenye kila chupa MPIRA au MKONO na saa ya kuchukua. Zote ziingie kwenye mashine ya kuoteshea kwa wakati mmoja, ndani ya saa mbili ikiwezekana. Zikisubiri, zisubiri mezani, si kwenye friji.

Kama chupa ya mpira itawaka angalau dakika 120 kabla ya chupa ya mkono, na bakteria ni mmoja, chanzo ni mpira. Kipimo hiki ni cha mashine inayosoma chupa muda wote. Maabara inayoangalia chupa kwa macho asubuhi na jioni haiwezi kukitumia. Hapo tunategemea kumpata bakteria yuleyule pande zote mbili. Na stafilokokasi isiyo na koagulesi (kimeng'enya cha kugandisha damu) ikiota kwenye chupa moja tu kati ya zote, mara nyingi ni ya ngozi ya mgonjwa au ya vidole vya mchukuaji. Rudieni sampuli kabla ya kumpa mtu wiki mbili za vankomaisini.

---

Fundi_Maji amejibu:

Swali moja kabla hamjaendelea: ametetemeka peke yake, au zamu hiyo kuna mwingine? Wakitetemeka wawili watatu siku moja, tena mmoja wao anatumia fistula, acheni mipira, njooni kwenye maji. Sumu ya bakteria waliokufa hupenya chujio hata kama bakteria wenyewe hawapiti. Maji ya dayalisisi yawe chini ya bakteria 100 kwa mililita na sumu chini ya uniti 0.25 kwa mililita. Chukueni sampuli mwisho wa bomba la mzunguko na pale mashine inapochomekwa ukutani, si kwenye tangi peke yake, kwa sababu uchafu hujijenga kwenye kona ambazo maji hayatembei.

---

Sista_Figo ameandika:

Fundi, ni yeye peke yake, na wengine wanane wa zamu hiyo wako salama. Asante kwa kuuliza.

Majibu yametoka. Chupa ya mpira imewaka baada ya saa 13, ya mkono baada ya saa 16 na dakika 20. Gramu chanya, mviringo, kwenye vichala. Koagulesi hasi pande zote mbili, sugu kwa methisilini, inasikia vankomaisini (yaani dawa hiyo inaiua). Tulianza vankomaisini na seftazidimu siku ileile, homa imekata siku ya pili, na dayalisisi ya leo hajatetemeka. Je, mpira unaokoleka?

---

Dkt_Figo amejibu:

Tofauti ya saa tatu na dakika 20, bakteria mmoja pande zote: ni mpira, na si uchafu wa ngozi. Simamisha seftazidimu leo, haina kazi tena.

Kwa bakteria huyu, ndiyo, unaokoleka. Stafilokokasi isiyo na koagulesi ni mpole kiasi, mgonjwa ametulia ndani ya siku mbili, na njia ya mpira ni safi. Mpe vankomaisini kila dayalisisi kwa siku 10 hadi 14, pamoja na kufungia mpira kwa vankomaisini kila mwisho wa dayalisisi kwa muda huohuo. Mwambie tu maabara athibitishe kuwa si aina ya lugdunensisi. Hiyo nayo huonekana koagulesi hasi kwenye kipimo cha mrija, lakini hula vali za moyo kama Stafilokokasi aureasi, na mpira wake unatoka.

Njia ya kati ni kubadilisha mpira kwa kupitisha waya ndani ya ule wa zamani na kuweka mpya kwenye mshipa uleule, baada ya homa kukata siku mbili tatu. Ukiwa na mtaalamu na mpira mpya, ni njia nzuri, maana utando wote unaondoka na mshipa unabaki. Shida ni gharama, na mgonjwa wenu anangoja fistula. Ningeanza na dawa ya kufungia.

Hebu niseme waziwazi ni lini usijaribu kuokoa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza wagonjwa kwa huruma ya kubakiza mpira. Ingekuwa Stafilokokasi aureasi, mpira unatoka. Huyo anapenda vali za moyo na pingili za mgongo, na mgonjwa wa dayalisisi anayelalamika maumivu mapya ya mgongo wiki mbili baada ya homa ya mpira apigwe picha ya mgongo, asipewe diklofenaki. Baada ya kuutoa, dawa ni wiki tatu ikiwa eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) ya kupitia kooni ni safi na damu imekuwa safi ndani ya siku tatu. Wiki nne hadi sita ikiwa damu iliendelea kuotesha zaidi ya saa 72 au vali zimeguswa. Wiki sita hadi nane ikiwa ni mfupa. Na kama aureasi huyo anasikia methisilini, hama kwenye vankomaisini uende sefazolini miligramu 20 kwa kilo baada ya kila dayalisisi. Vankomaisini ni dhaifu kwake, wagonjwa wanaobakishwa humo kwa uvivu wa kubadilisha hufanya vibaya zaidi.

Sudomonasi, mpira unatoka. Kandida, mpira unatoka, dawa ya fangasi siku 14 kuhesabu kutoka siku ya kwanza damu iliyorudiwa haikuotesha, na macho yapimwe. Bakteria wengine wa gramu hasi wanaweza kujaribiwa kuokolewa kama huyu wako. Na yeyote yule, homa au damu chanya ikiendelea saa 48 hadi 72 kwenye dawa sahihi, mpira unatoka hata kama ulianza kwa nia ya kuuokoa.

---

Mfamasia_Wodi amejibu:

Kuhusu mchanganyiko, sista, soma kwanza namba kwenye vibanio vya mpira. Kila njia (mrija mmojawapo kati ya miwili ya mpira) imeandikwa ujazo wake, kwa mfano nyekundu mililita 1.9 na bluu 2.0. Zikiwa zimefutika, tafuta kwenye kadi ya siku ya kuwekwa mpira. Usikadirie.

Kichupa cha vankomaisini miligramu 500 kiyeyushe kwa mililita 10 za maji ya kuchanganyia dawa, utapata miligramu 50 kwa mililita. Chukua mililita 2, ongeza mililita 8 za salaini: sasa ni miligramu 10 kwa mililita. Kutoka hapo chukua mililita 3, changanya na mililita 3 za heparini yenu ya uniti 5,000. Una mililita 6 zenye vankomaisini miligramu 5 na heparini uniti 2,500 kwa kila mililita, zinatosha njia zote mbili.

Vikikutana utaona ukungu mweupe. Vankomaisini ni ya tindikali na imebeba chaji chanya, heparini imebeba chaji hasi kwa wingi, hivyo zinashikana. Tikisa kwa sekunde kumi hivi, inyanyue kwenye mwanga: lazima iwe angavu kama maji. Ikibaki na ukungu au punje, mwaga, usiiweke. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuchanganya heparini moja kwa moja na ile ya miligramu 50. Hapo punje hazitikisiki zikaisha, na punje hizo ndizo zitakazoziba mpira uliokuwa unajaribu kuuokoa. Kama ukungu unawasumbua kila mara, punguzeni: mililita 1 ya ile ya 50 na mililita 9 za salaini, kisha nusu kwa nusu na heparini, mnapata miligramu 2.5, bado inafanya kazi. Chini ya hapo hapana. Miligramu 1 kwa mililita haiui waliomo kwenye utando.

Kwa gramu hasi inayosikia jentamaisini: ampuli ni miligramu 80 kwa mililita 2, chukua mililita 1, ongeza salaini mililita 19, kisha nusu kwa nusu na heparini ya 5,000. Itakuwa miligramu 1 kwa mililita. Usiizidishe nguvu kwa kudhani utasaidia. Jentamaisini nzito hugandamana na heparini.

Mwisho wa dayalisisi sukuma salaini mililita 10 kila njia kwa kusukuma na kusimama, kusukuma na kusimama, ili mtiririko ukwangue kuta. Weka dawa kwa ujazo ule ulioandikwa, njia kwa njia, na bana kibanio kidole chako kikiwa bado kinasukuma, la sivyo damu inarudi kwenye ncha na kuganda. Kizibo kipya. Tengeneza upya kila mara, kilichobaki mwaga.

Sasa jambo la hatari kubwa kuliko yote. Njia mbili za 1.9 na 2.0 zimebeba uniti 9,750 za heparini. Mtu wa zamu nyingine, au wodini, akisukuma salaini kwenye mpira huo bila kuvuta kwanza, uniti zote hizo zinaingia mwilini kwa mara moja. Gundi karatasi kwenye mpira wenyewe, iandikwe kwa herufi kubwa: HEPARINI NA ANTIBAYOTIKI NDANI. VUTA KWANZA, USISUKUME. Kabla ya kila dayalisisi vuta mililita 3 hadi 5 kila njia na mwaga. Ikikataa kuvutika, usilazimishe kwa kusukuma. Mgeuze mgonjwa shingo, mwambie akohoe, jaribu tena, kisha mwite daktari.

---

Dkt_Upasuaji amejibu:

Nimesoma yote, naongeza kuhusu kutoa, maana siku ikifika mara nyingi kazi hii hupewa mwanafunzi peke yake usiku.

Mpira wa kudumu una pete ya kitambaa cha dakroni chini ya ngozi, sentimita moja hadi mbili hivi kutoka kwenye tundu. Nyama huota ndani yake kwa wiki mbili hadi nne. Wa miezi mitano hauvutwi kwa nguvu, utakatika na kipande kubaki. Angalia INR (kipimo cha kuganda kwa damu) na chembe sahani, acha heparini. Mlaze kichwa kikiwa chini kuliko miguu. Weka ganzi ya lignokeni kuzunguka pete, ichambue pole kwa mkasi butu hadi uone kitambaa kimeachia, kisha mwambie avute pumzi, aizuie na kujikamua, na hapo ndipo uuvute.

Watu wengi hubonyeza gozi kwenye tundu la kifuani na kuona damu inazidi kuvimba shingoni. Mpira uliingia mshipani juu ya mfupa wa mtulinga, hapo ndipo pa kubonyeza, dakika 5 hadi 10 bila kuchungulia. Kisha funika tundu kwa bandeji isiyopitisha hewa kwa saa 24, kwa sababu ile njia iliyobaki chini ya ngozi inaweza kunyonya hewa akiketi ghafla na kuvuta pumzi ndefu. Alale chali angalau nusu saa.

Ncha kata sentimita 5 kwa mkasi safi, weka kwenye chupa kavu isiyo na vimelea, peleka maabara. Si kila mpira unaotolewa uoteshwe, ni ule tu unaoshukiwa. Mpira mpya wa kudumu usiwekwe siku hiyo. Tumia wa muda, na ule wa kudumu usubiri damu iliyorudiwa kuotesha ikae saa 48 hadi 72 bila kitu.

Na wale wenye usaha kwenye tundu tu, homa hawana, njia haiumi: chukua usaha kwa kijiti, mpake mupirosini, mpe dawa ya kumeza siku 7 hadi 14 kwa kufuata majibu, mpira unabaki. Ila kagua kila siku ya dayalisisi kama wekundu unapanda.

---

Sista_Figo ameandika:

Nimeandika kila kitu kwenye daftari la kitengo, asanteni sana. Mchanganyiko wa leo ulikuwa na ukungu kidogo, nimetikisa ukatakata, nikauangalia kwenye taa, uko angavu. Karatasi nimegundisha kwenye vibanio vyote viwili.

Limebaki moja. Mgonjwa anasema nauli imekuwa ngumu, wiki ijayo ataweza kuja mara mbili tu. Dawa itakaa kwenye mpira siku nne. Kuna tatizo?

---

Dkt_Figo amejibu:

Lipo. Dawa ya kufungia hupungua nguvu kila saa, sehemu huvuja kwenye matundu ya ncha na heparini nayo huisha, kwa hiyo kwa mpira unaotibiwa ningependa isizidi saa 48, na pengo la mwisho wa wiki la mgonjwa wa mara tatu ndilo la mwisho ninalolikubali. Siku nne hapana. Kama hawezi dayalisisi ya tatu, aje tu kubadilishiwa dawa ya kufungia: vuta ya zamani, safisha, weka mpya, ni dakika 20 na haihitaji mashine. Ongeeni na ustawi wa jamii kuhusu nauli ya siku hiyo moja, na mwelezeni yeye mwenyewe sababu. Akijua kuwa ni wiki mbili tu za kuokoa mpira ili fistula ipate muda wa kukomaa, wengi hujitahidi.

Vankomaisini pia inabadilika: akija mara mbili, pima kiwango kabla ya dozi, maana kati ya siku hizo inaweza kushuka chini ya 15.

Rudia damu ya kuotesha sasa hivi, saa 72 tangu dawa ianze, pande zote mbili kama mwanzo. Na wiki moja baada ya dozi ya mwisho, rudia tena hata kama ana afya njema na hana homa. Ikiota bakteria yuleyule, usianze mzunguko wa pili wa kufungia. Toa mpira.